Mandhari Si Pambo: Riwaya ya Upelelezi Isomwapo Mombasa

Wapo wahakiki wanaoshikilia kuwa riwaya ya upelelezi ni fumbo tupu, na kwamba mandhari yake yaweza kubadilishwa kama nguo bila ya msuko kudhurika. Dai hili halina mashiko. Katika Evil Under the Sun (1941), Agatha Christie anawakusanya watalii katika hoteli ya kisiwani, pwani ya Uingereza. Wauaji wanafaulu kuhadaa kwa sababu miili iliyolala juani ufukweni hufanana. Hila hiyo yahitaji wageni wasiojuana. Ihamishiwe Mji wa Kale, Mombasa, katika vichochoro vya Ndia Kuu, ambamo hata aliyevaa buibui hutambuliwa kwa mwendo wake: itavunjika papo hapo.

Muhammed Said Abdulla aliling'amua jambo hilo. Katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), maiti ya mwenye shamba yapatikana mzimuni. Siri imejificha nyuma ya itikadi za wenyeji, si nyuma ya ugeni. Bwana Msa ana kiko kama Sherlock Holmes, lakini jamii anayoichunguza si ya Holmes. Amwitaye mwigo mtupu amekiona kiko, hakuiona jamii.

Mwanafunzi wa Mombasa, ambaye hoteli za Nyali na Diani ziko ng'ambo ya kisiwa chake, anastahili kuzisoma riwaya hizi mbili pamoja. Kumnyima moja kwa kuwa ni burudani, na nyingine kwa kuwa ni mwigo, si kuilinda fasihi. Ni kumzoeza asiulize kila mahali panamwezesha nani kuficha nini.