Muvi za mapenzi za kuchekesha zimeyeyukia wapi?

Huku Karatu baridi imekolea. Asubuhi ukungu unateremka kutoka Ngorongoro mpaka dereva haoni gari lililo mbele yake, na baridi ya namna hii inataka vitu viwili tu: chai ya tangawizi na muvi nzuri ya mapenzi.

Basi juzi nikachukua flash yangu, huyoo, mpaka kwa kijana mmoja anayerekodi muvi hapa mjini. Nikamwambia, "Mshikaji, niwekee muvi ya mapenzi, lakini iwe ya kuchekesha. Watu wapendane, wazinguane kidogo, mwisho waoane. Asife mtu." Jamaa akanitazama kama nimemwagiza nyama ya faru. Akaperuzi kompyuta yake weee, akaniletea Wakorea wa vipindi kumi na sita, Waturuki wa vipindi visivyo na mwisho, mazombi, ngumi, na za Bongo ambazo hata picha ya kava tu dada wa watu ameshalia. "Hizo unazotaka wewe ni za zamani, kaka," akasema. "Siku hizi hazitoki."

Kusema ukweli jamaa hakukosea sana. Kuna enzi zilikuwa zinatoka kama maandazi ya moto. Pretty Woman ya mwaka 1990, ya Julia Roberts na Richard Gere, ilitengenezwa kwa dola kama milioni 14 ikaingiza zaidi ya milioni 460. My Big Fat Greek Wedding ya 2002 ndiyo kasheshe zaidi: dola milioni 5 tu, ikarudisha zaidi ya milioni 360. Biashara gani nyingine ina faida ya hivyo, hata vitunguu vya Mang'ola vikipanda bei?

Tatizo likaja kwenye DVD. Zamani muvi ikisuasua kwenye majumba ya sinema ilikuwa inakuja kujikomboa mitaani, watu wakinunua kwenda kuangalia nyumbani. Watu walipoacha kununua, matajiri wa Hollywood wakaamua pesa yao iende kwenye makelele, maana ngumi haina lugha. Jengo likianguka, Mchina anaelewa, Mbrazili anaelewa, na sisi tunaelewa. Utani wa mapenzi lakini unataka lugha, unataka ujue kwa nini yule dada amenyanyua nyusi. Avengers: Endgame ya 2019 ikaingiza dola bilioni 2.79, sasa nani tena atakaa chini amwandikie Julia Roberts maneno matamu? Zilizobaki nyingi zikahamia Netflix, huko unaangalia peke yako chini ya blanketi na visikilizio masikioni.

Sisi wenyewe tulikuwa na dawa ya hiyo lugha. Kaka zetu wanasimulia habari za watafsiri kama Lufufu wa Dar, mtu anashika maikrofoni, Mzungu wa New York anamtongoza demu kama vile wako Kariakoo, na banda zima mbavu hazina hali. Dada zetu nao walikuwemo, na mrembo wa kwenye skrini akimpa jamaa jibu la shombo, wao ndio wanaopiga makofi. Siku hizi banda umiza ni la ligi ya England na mikeka. Binti gani atakwenda kubanana na wanaume sabini wanaotukana refa?

Na za Bongo? Hapa sitaki ugomvi na mtu, ila waongozaji wetu wamependa machozi kupita kiasi. Marehemu Steven Kanumba alikuwa na sura ya mapenzi na angeweza kutuchekesha na kutuliza katika muvi moja, lakini alitutoka 7 Aprili 2012, na soko lenyewe likaanza kupepesuka mpaka Aprili 2017 wasanii wakaingia barabarani Kariakoo kulalamikia muvi za nje zinazouzwa kiholela. Mzee wetu King Majuto, aliyefariki 8 Agosti 2018, alituvunja mbavu miaka na miaka. Tatizo, tukafanya kama vitu hivi haviwezi kukaa chungu kimoja: ukitaka kucheka nenda kwa Majuto, ukitaka kupenda andaa leso.

Utaniuliza, sasa hilo nalo la kuandika gazetini? Ngoja nikupe mkasa. Nina rafiki yangu, jina nalihifadhi, yuko mapokezi kwenye loji moja huku juu. Kijana mmoja dereva akamtokea, dada wa watu akamjibu kistaarabu kabisa kwamba hapana, nina mtu wangu. Usiku ule simu yake iliita mara thelathini na moja. Asubuhi akakuta ujumbe: "Nikikukosa mimi, hakuna atakayekupata." Yule dada akahama chumba alichokuwa amepanga, akaacha na kodi ya miezi miwili aliyoshalipa. Mama mwenye nyumba anamuuliza sababu, yeye anasema tu maji yanasumbua.

Sasa mimi lile neno nimelisikia mara ngapi kwenye muvi! Steringi anakataliwa, muziki wa huzuni unaingia, analitamka, na sisi tunaambiwa huyu ndiye anayependa kweli. Sisemi muvi ndiyo inayotuma watu, nani amewahi kushtaki runinga? Ila kijana wa miaka ishirini, baba yake hajawahi kumkalisha chini, kupenda atajifunzia wapi kama si pale? Kila siku magazeti yetu yanaandika wivu wa mapenzi, wivu wa mapenzi. Kwenye muvi za kuchekesha steringi anakataliwa vilevile, lakini anadondosha sahani, anaumbuka mbele za watu, tunamcheka, na maisha yanaendelea. Mwanamke naye ana mdomo. Hicho ndicho kilichoondoka.

Sasa uangalie nini? Anza na Coming to America ya 1988. Najua umeiona, iangalie tena. Akeem, mwana wa mfalme wa Zamunda, anachezwa na Eddie Murphy. Analetewa mchumba aliyefundwa kumtii mpaka akiambiwa abweke kama mbwa anabweka. Jamaa anakimbilia Queens, New York, anapiga deki kwenye duka la chakula, anamzimia Lisa, binti wa mwenye duka. Mtazame vizuri pale kwenye treni: Lisa ameshagundua amedanganywa, Akeem yuko tayari kuuacha ufalme, na dada anasema hapana. Mtoto wa mfalme huyo! Anafanyaje? Anarudi kwao. Mengine yanakuja baadaye, lakini jibu la Lisa analipokea.

Ukiwa na mama au shangazi nyumbani, weka Dilwale Dulhania Le Jayenge ya 1995. Mumbai imeonyeshwa ukumbi mmoja zaidi ya wiki 1,000, kwa hiyo usinidharau. Ukitaka ya jirani, tafuta Disconnect ya 2018, ya vijana wa Nairobi na vituko vya kutafutana kimapenzi. Na Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, 2021, iliyotoka kwenye kitabu cha Adam Shafi, si ya kuchekesha sana, lakini Yasmin akimkimbia mume mzee aliyeozwa utamshangilia, na Kiswahili chake cha Unguja kitakupa raha.

Yangu lakini mimi ni Hatari! ya mwaka 1962. Ndiyo, jina la Kiswahili, na imepigwa huku huku kwetu kaskazini, enzi ikiitwa Tanganyika. John Wayne ni bosi wa kambi ya kukamata wanyama wa kupeleka majumba ya maonyesho Ulaya, na faru wanaowakimbiza ni faru kweli. Mwafrika humo, nakuonya mapema, kazi yake ni kubeba na kuitikia, hilo litakuudhi. Lakini mapenzi yake! Anakuja dada mpiga picha, Dallas, anachezwa na Elsa Martinelli, bosi aliyewahi kuumizwa anajifanya jiwe, na ni dada ndiye anayemfukuzia mwanaume. Anapochoka anaacha barua, anaondoka zake. Basi bosi na watu wake wanamsaka Arusha mjini wakiongozwa na watoto watatu wa tembo wanaofuata harufu yake, wanaingia mpaka madukani. Mmoja wa waigizaji, Mjerumani Hardy Krüger, alinogewa hata akanunua shamba Momella.

Ina zaidi ya saa mbili na nusu, kwa hiyo chaji simu kwanza, au bora muunganishe na runinga ya mwenye nyumba. Kama una babu aliyekuwa Arusha wakati wa Uhuru, mwite akae karibu na skrini, atakutajia lile duka lilikuwa la nani.