Riwaya za Roketi Si za Watoto

Kaa barazani popote Mji wa Kale wa Mombasa, Kibokoni au Mkanyageni, ukiwa umeshika riwaya yenye roketi kwenye jalada. Kahawa haijapoa utaulizwa: "Mtu mzima wewe, unasoma mambo ya watoto?" Walimu wanaamini hivyo, wazazi wanaamini hivyo, na hata wasomaji hodari waliowamaliza ujanani waandishi wa riwaya za kisayansi kama Asimov, Clarke na Bradbury wanaamini kwamba umri wa vitabu hivyo umewapita. Imani hiyo ni potofu, tena inatudhuru.

Chukua The Caves of Steel ya Isaac Asimov, iliyotoka mwaka 1954. Kijana huisoma kwa hamu ya kumjua muuaji, na kwa sababu mpelelezi Elijah Baley amepewa roboti awe mwenzake kazini. Mtu mzima hukwama kwingine. Katika duka la viatu wateja wanakataa kuhudumiwa na roboti, na fujo inakaribia kuzuka. Ofisini kwa Baley, kijana wa kutumwatumwa ameachishwa kazi na nafasi yake imepewa roboti. Baley mwenyewe ni mtoto wa baba aliyevuliwa cheo, na hofu ya kuporomoka vivyo hivyo haimtoki.

Ni nani Mombasa asiyeijua hofu hiyo? Reli ya SGR ilianza kazi 2017, kisha likaja agizo la serikali la kupeleka makontena kutoka bandarini hadi bara kwa reli hiyo. Madereva wa malori, mautingo, wenye yadi za makontena na wauza chakula kando ya barabara kuu wakaona riziki inawaponyoka, na mwaka 2019 watu wakaandamana mjini. Swali lililowakabili ndilo lile la Asimov: hasira iiangukie mashine, au iwaangukie walioamua bila kuwauliza wanaoumia? Mtoto wa miaka kumi na miwili hana jibu la swali hilo, kwa kuwa hajawahi kulisha nyumba.

Au chukua Fahrenheit 451 ya Ray Bradbury, ya mwaka 1953. Kijana hukumbuka moto na vitabu vinavyoteketezwa. Lakini mna ukurasa ambapo Montag, mhusika mkuu, anamuuliza mkewe, ambaye hulala na viredio vidogo masikioni, walikutana wapi mara ya kwanza. Hakuna anayekumbuka, si mume si mke. Aliyekwisha kuishi ndani ya ndoa atakifunga kitabu kwanza, apumue.

Watanijibu kwamba ukivirudia ukubwani unaona kasoro zake. Kweli, na ni nyingi. Ndani ya Foundation, iliyotoka 1951, himaya ya galaksi nzima inaporomoka na karibu hakuna mwanamke anayefungua kinywa. Afrika ndiyo kabisa haimo. Lakini hoja hiyo inaniunga mkono mimi. Kijana huzimeza kasoro hizo bila kujua. Mtu mzima huzikamata na kuzihoji.

Sisi wa Pwani tuna cha kuwajibu waandishi hao. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyoundwa mahususi kuchunguza miale ya eksirei itokayo angani. Ilipewa jina Uhuru kwa kuwa ilipaa siku ya sikukuu yetu ya uhuru, na msimamizi wa mradi huo huko NASA alikuwa mwanamke, Marjorie Townsend.

Na waandishi wetu wenyewe je? Katama Mkangi, mwanasosholojia wa Pwani aliyewekwa kizuizini miaka ya 1980 kwa ajili ya siasa zake, alichapisha riwaya ya Walenisi mwaka 1995. Humo mhusika mkuu, Dzombo, amehukumiwa kifo, anaingizwa katika chombo cha angani, na anaishia kwenye sayari ambako watu wanaishi kwa usawa. Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa, aliandika The Trial of Christopher Okigbo mwaka 1971. Humo mshairi aliyefia vitani Biafra anashtakiwa ahera kwa kuliweka kabila mbele ya sanaa yake. Nani ana ujasiri wa kusema wanaume hawa walikuwa wakiwatungia watoto?

Madhara ya imani hii ni haya: tunawaachia watoto vitabu vinavyouliza kesho itakuwa ya nani, ilhali wanaoiamua kesho hiyo, bandarini, bungeni na kwenye makampuni, ni watu wazima wasiovisoma. Mwalimu, fundisha kazi za Mkangi kama za mwanafikra, usiishie kwenye maswali ya mtihani. Nawe uliyewasoma Asimov na Bradbury ujanani, warudie sasa, wakati una kazi ya kupoteza, nyumba ya kulinda na kura ya kupiga.