Fundi Hakosi Lugha

Sisi tunaofanya kazi ya kuunga na kutengeneza viungo vya kompyuta katika miji ya mwambao twalisikia neno moja likirudiwa na wasomi, tena bila haya: kwamba Kiswahili ni lugha ya mashairi na siasa, bali mashine ina lugha yake, nayo si hii yetu. Twalikanusha neno hilo. Tena twawaomba walimu wa Kiswahili walikanushe pamoja nasi, kwani darasani mwao ndimo linamoota mizizi.

Kazi yetu ina udhia wake. Hewa ya chumvi hula madini ya saketi. Umeme hupanda na kushuka bila taarifa. Kitabu cha maelezo huja kwa lugha ya kigeni, kimeandikiwa nchi isiyojua joto letu wala vumbi letu. Hayo twayavumilia. Lisilovumilika ni kijana aliyehitimu masomo ambaye, akiulizwa kiungo alichokishika kina kazi gani, hujibu kwa jina la kigeni alilolikariri, akiombwa aeleze kwa Kiswahili, husema, "Hiki ni kidude tu." Kidude! Fundi asiyeweza kueleza kazi ya kiungo hawezi kujua kimeharibika kwa nini. Hubaki kung'oa hiki na kutia kile mpaka fedha za mwenye mashine zimalizike.

Na tumtazame fundi wa Kibajuni. Kusini ya Kismayu, katika visiwa vya Koyama, Chovai na Chula, na kuteremka hadi Ras Kamboni, watu wameishi kwa bahari na kwa vyombo vyao. Wabajuni, pamoja na jirani zao wa Pate na Lamu, wanakumbukwa kwa mtepe, chombo ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi bila msumari, kikaenda kwa tanga la mkeka. Vyombo vya kushonwa vya pwani ya Afrika Mashariki vilikwisha kutajwa katika kitabu cha Kigiriki kiitwacho Periplus, cha karne ya 1. Wala mshono ule haukuwa ufukara wa chuma tu. Ubavu ulioshonwa hutii kidogo chombo kinapogusa mwamba au kupwelewa mchangani. Hiyo ni elimu ya nguvu na uzito, na waliokuwa nayo hawakusema "kidude". Walisema mkuku, taruma, mlingoti, foromali, jarari, usukani na kana, na kila jina lilikwenda na kazi yake.

Wako watakaouliza: chombo cha bahari kina nini na kompyuta? Kina mengi. Katika Kiswahili umeme huenda kwa mkondo, na mkondo ulikuwa wa maji kabla ya kuwa wa waya. Redio husafiri kwa mawimbi. Viungo vya kompyuta vinavyoshikika huitwa maunzi, neno la ukoo mmoja na kuunda; na kuunda ndiyo kazi ya waunda vyombo. Lugha ya mashine, basi, imekwisha kupita pwani kabla ya kufika kwetu.

Watasema tena kwamba mengine ni ya kukopa. Na yawe! Nanga tuliipata kwa Waajemi, bendera kwa Wareno, meli kwa Waingereza, na hakuna baharia aliyezama kwa aibu ya kukopa. Lililo baya ni kubishana miaka mingi kama sanduku liitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi, hali vilivyomo ndani yake havina wa kuviita.

Hasara yake ni kubwa. Mwaka 1972 Somalia ilipokipa Kisomali hati ya Kilatini na kukifanya lugha ya serikali, ilifanya jambo la kusifiwa. Lakini Kibajuni hakikupata darasa. Vita vya mwaka 1991 vikawanyang'anya Wabajuni vyombo na nyavu, na wengi wakakimbilia Kenya, hata wakaishi katika kambi za Mombasa. Chombo kikipotea, majina ya viungo vyake hupotea nacho, kwani mtoto wa kambini hana mkuku wa kuonyeshwa. Mwezi Machi 2024 Somalia ilikamilisha kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na wako wanaosema kwamba sasa Kiswahili kipelekwe huko. Kipelekwe wapi? Kipo Kismayu na visiwani tangu karne nyingi. Mwalimu atakayekwenda kule na kumcheka mtoto kwa kuwa amesema "mchu" badala ya "mtu" atakuwa amekwenda kubomoa.

Ndugu walimu, kazi hii haingoji kamati. Mpelekeni mwanafunzi kwa mwunda chombo, kwa mvuvi na kwa fundi wa mitambo, akiwa na daftari; aandike jina la kila kitu na kazi yake. Nanyi mnaotunga istilahi, zifikisheni karakanani kabla hamjazipeleka kwa mpiga chapa. Sisi wenye bisibisi mkononi tutawaambia upesi ni ipi itakayotamkika mashine ikiwa wazi na mwenyewe akiwa anangoja. Wazee wanaoyajua majina ya mtaruma na ya mkuku hawazidi kuwa wengi. Mkichelewa, mtawafundisha watoto wao "kidude".