Vigae vya Fez na vitamu vya lozi: Jina la kazi ya mikono ni la nani?

Desemba 2025, Taifa Stars ilipocheza mechi yake ya kwanza ya AFCON dhidi ya Nigeria, wengi wetu tulikuwa kwenye vibanda umiza au tumebana redio sikioni. Mechi ile ilichezwa Fez, mji wa kale wa Morocco. Tulifungwa, lakini timu ikajikongoja hadi hatua ya 16 bora, na huko wakatutoa wenyeji wenyewe.

Baada ya michuano, msikilizaji wetu mmoja alituma swali ambalo halikuhusu mpira hata kidogo: "Zile kuta za vigae vya rangi walizokuwa wanatuonyesha kabla ya mechi, zinachorwa au zinajengwa?"

Jibu fupi: zinajengwa. Kila kipande unachokiona kimekatwa kwa nyundo, kimoja kimoja, na mkono wa mtu. Jibu refu linatupeleka kwenye mvutano kati ya nchi mbili jirani, kwenye sinia la vitafunwa vya Ramadhani, na mwisho linaturudisha kwenye magunia ya ufuta ya Lindi na Mtwara. Tuende taratibu.

Kazi inavyofanyika

Vigae hivyo huitwa zellige. Kazi inaanza na udongo wa mfinyanzi unaochimbwa jirani na Fez. Udongo unalowekwa, unakanyagwa kwa miguu, unakatwa vipande bapa vya mraba vinavyotosha kiganjani, kisha vinaanikwa juani. Vikikauka vinachomwa. Vikitoka tanurini vinapakwa rangi ambayo ikichomwa mara ya pili hugeuka kuwa kama kioo. Kijani hutokana na shaba, buluu hutokana na kobalti. Kwa miaka mingi matanuri ya Fez yalitumia makapi na kokwa za zeituni zilizokwisha kukamuliwa mafuta. Moshi wake ulikuwa mzito, na sasa karakana nyingi zimehamia kwenye gesi.

Hapo ndipo anapoingia mkataji. Anakaa chini, nyundo nzito yenye makali mkononi, na kukata kila kigae kufuata umbo lililochorwa juu yake: nyota, msalaba, jani, pembe nane. Akikosea pigo moja, kigae kimeharibika.

Baada yake anakuja mpangaji. Huyu hupanga vipande vikiwa vimelala kifudifudi, upande wa rangi ukiwa chini. Maana yake haoni rangi anazozipanga. Anazijua kwa kichwa. Akimaliza, anamwaga jipsamu au saruji kwa nyuma ili vishikane. Siku ubao unapoinuliwa ndipo anapojua kama alipatia.

Fundi aliyefikia ngazi hiyo huitwa maalem. Neno hilo na "mwalimu" wetu ni ndugu wa tumbo moja, yote yametoka kwenye Kiarabu. Na kweli ni mwalimu, maana hakuna kitabu cha kazi hii. Mtoto anaingia karakana akiwa mdogo, anafagia, anabeba udongo, anatazama, na miaka inapita kabla hajakabidhiwa nyundo.

Watu wengi huziita "nakshi za Kiarabu". Jina hilo lina ukweli, lakini halisemi yote. Ndani yake kuna mkono wa Waamazighi, wenyeji wa Afrika Kaskazini kabla ya Waarabu kufika, na kuna mkono wa Waislamu na Wayahudi waliofukuzwa Hispania kuanzia mwaka 1492 wakakimbilia miji kama Fez na Tetouan, wakiwa na ufundi wao mikononi. Kumbuka jambo hili, maana ndilo linalofanya mvutano unaofuata uwe mgumu.

Jezi iliyozua ugomvi

Septemba 2022, kampuni ya Adidas ilitoa jezi mpya ya timu ya taifa ya Algeria. Ilikuwa na michoro ya pembe pembe inayofanana na zellige. Kampuni ilisema michoro imetokana na kasri la Mechouar lililopo Tlemcen, ndani ya Algeria.

Morocco ikaja juu. Wizara yake ya Utamaduni ilimtumia mwanasheria, akaandika barua kwa kampuni kudai jezi iondolewe ndani ya siku 15, kwa hoja kwamba huo ni wizi wa urithi wa Wamorocco. Nchi hizi mbili zilikuwa tayari hazisemezani: Algeria ilivunja uhusiano wa kibalozi Agosti 2021. Kwa hiyo jezi ilikuwa kuni juu ya moto uliokwisha kuwaka.

Mwisho wake ulikuwa wa maelewano. Adidas ilikiri kwamba michoro ilitokana na zellige, ikatoa kauli ya heshima kwa mafundi na wananchi wa Morocco, na jezi ikabaki sokoni.

Nani alikuwa na haki? Kwa upande mmoja, Fez na Tetouan ndiko kazi hii ilikobaki hai, mafundi wakiendelea kukata vigae kila siku. Madrasa za Fez zilizopambwa kwa zellige zimesimama tangu karne ya 14. Msikiti wa Hassan II wa Casablanca, uliofunguliwa mwaka 1993, uliwakusanya maelfu ya mafundi wa nchi nzima. Mwaka 2011 jumba la makumbusho la Metropolitan huko New York lilipotaka ua wa Kimorocco ndani ya jengo lake, lilileta mafundi kutoka Fez.

Kwa upande mwingine, Tlemcen nayo ina zellige za kale, na kasri la Alhambra huko Hispania limejaa vigae vya jamii hiyo hiyo. Sanaa ilikuwepo kabla ya mipaka ya leo kuchorwa.

Kuna njia nyingine ya kulimaliza jambo kama hili, na imekwisha kujaribiwa. Mwaka 2020, Algeria, Mauritania, Morocco na Tunisia zilipeleka kwa pamoja jina la kuskusi, chakula chao cha ngano, UNESCO ikaliandika kama urithi wa nchi zote nne. Lakini si kila mara wanakubali kushirikiana. Desemba 2025 UNESCO iliandika kaftani kama urithi wa Morocco.

Fundi anapata nini?

Hili ndilo swali ambalo vyombo vingi vya habari viliruka. Serikali ikishinda hoja ya jina, je, yule aliyekaa chini na nyundo anashinda nini?

Sanaa za mikono si jambo dogo Morocco. Serikali yao inahesabu zaidi ya watu milioni 2 wanaoishi kwa kazi hizo: vigae, mazulia, ngozi, mbao za mierezi, plasta ya chokaa inayosuguliwa kwa jiwe na sabuni ya zeituni hadi ing'ae. Soko lipo. Mwaka 2024 nchi ilipokea watalii milioni 17.4, na mwaka 2030 itaandaa Kombe la Dunia pamoja na Hispania na Ureno. Hoteli zinajengwa, na kila hoteli inataka ionekane ya Kimorocco.

Shida ni kwamba kuonekana kwa Kimorocco na kutengenezwa na Mmorocco ni vitu viwili tofauti. Mwaka jana nilikuwa nasakafia kibaraza cha nyumba yangu. Muuza duka akaniambia ana "tailizi za Morocco". Nzuri kweli, buluu na nyeupe. Nilipogeuza boksi nikakuta zimetoka kiwandani katika nchi ya mbali kabisa na Morocco, na mchoro umechapwa kwa mashine. Nilinunua, siwezi kudanganya. Bei ilinifaa. Lakini katika fedha ile, fundi wa Fez hakupata hata senti.

Ukitaka kutofautisha, hakuna siri kubwa. Zellige ya kweli haifanani kipande kwa kipande: kimoja kimeiva rangi zaidi, kingine kingo zake zimemeguka kidogo, na ukipitisha kiganja utahisi mawimbi. Ya mashine imenyooka, na mchoro wake unajirudia bila kosa. Kosa dogo ndiyo saini ya mkono.

Ndiyo maana vijana wengi wa huko wanasitasita. Miaka ya kujifunza ni mingi, na bidhaa ya mashine inakusubiri sokoni kwa bei ya chini. Tetemeko la Septemba 8, 2023 nalo liliua karibu watu 3,000 na kubomoa vijiji vya milima ya Atlas, maeneo ambayo wanawake wengi huishi kwa kufuma mazulia. Nyumba inapoanguka, kitanda cha mfumi huanguka nayo.

Serikali imechukua hatua. Ipo alama ya kitaifa ya ubora inayotolewa kwa karakana zinazofuata masharti, na upo mpango unaoendeshwa pamoja na UNESCO wa kuwatambua mafundi wazee kama hazina ya taifa na kuwaunganisha na vijana ili ufundi usizikwe nao. Kwa maoni yangu, hatua hizi mbili zina uzito kuliko barua ya mwanasheria. Barua inalinda heshima. Alama inamwambia mnunuzi fedha yake inaenda wapi, na mpango wa vijana unahakikisha yupo mtu wa kuipokea.

Na wanaopika je?

Sasa tugeukie upande ambao haujaandikiwa barua na mwanasheria yeyote: jikoni.

Vitafunwa vitamu vya Morocco ni kazi ya mikono sawasawa na vigae, ila mafundi wake wengi ni wanawake. Kipo kinachoitwa kaab el ghazal, chenye umbo la mwezi mwandamo: unga mwembamba kama karatasi unaofunika lozi zilizosagwa na sukari, mdalasini na maji ya maua ya mchungwa. Ipo chebakia, jina linalotokana na neno la Kiarabu la wavu, kwa sababu unga wake hukatwa milia na kupitishwa huku na huku mpaka ufanane na ua au wavu. Hukaangwa, huchovywa kwenye asali ya moto, kisha hunyunyiziwa ufuta. Ukijua visheti vyetu vinavyokaangwa na kuvikwa shira, umeshaikaribia. Ipo pia sellou, ya unga uliokaangwa mpaka ukawa wa kahawia, lozi, ufuta na samli. Hailainiki wala kuharibika haraka, na huko hupewa mama aliyejifungua ili apate nguvu.

Ramadhani ikifika, chebakia huliwa wakati wa kufuturu pamoja na supu ya harira. Familia moja inaweza kukaa siku nzima ikikunja unga. Wengine hupika za kuuza, nyumbani au kwa vikundi vya ushirika.

Hapa adui si jezi. Ni mvua. Morocco ilipitia miaka kadhaa mfululizo ya ukame. Februari 2025 Mfalme Mohammed VI aliwaomba wananchi wasichinje kondoo wa Idi kwa sababu mifugo ilikuwa imepungua kwa asilimia 38 tangu hesabu ya mwaka 2016. Mlozi nao ni mti wa nchi kavu, lakini kuna kiwango cha kiu usichoweza kuvumilia. Nchi inalima lozi zake, na bado hununua kwa wingi kutoka Marekani. Bei ya lozi ikipanda, mama wa kaab el ghazal ana njia tatu: apandishe bei, apunguze lozi, au achanganye karanga. Akichanganya, jina linabaki lile lile lakini kitu si kile.

Kwa nini haya yatuhusu

Usifikiri haya ni ya Waarabu wa mbali. Mwaka 2007 Kenya iligutuka kusikia kampuni moja ya Uingereza imeomba kusajili neno linalotamkwa sawa na "kikoi" liwe alama yake ya biashara. Kikoi chetu, anachokivaa mvuvi wa Lamu na wa Bagamoyo! Kenya na watetezi wa biashara ya haki wakapinga, na mwaka 2008 ombi likafa. Mwaka 2016 Kenya ikatunga sheria ya kulinda maarifa na sanaa za jadi.

Tulishinda jina. Sasa jiulize: kikoi ulichonacho nyumbani kimefumwa wapi?

Na ule ufuta juu ya chebakia. Ni zao lile lile unalolipeleka kwenye ghala la AMCOS na kusubiri mnada. Sisi tunalipima kwa kilo, likiwa ghafi, na bei inapangwa na mnunuzi wa mbali. Mwanamke wa Fez analipika, analipa umbo, na watu wanaliita kwa jina. Tofauti kati ya gunia na sinia ni mikono iliyoufanyia kazi ufuta ule, na ni hiyo mikono inayolipwa.

Hatukosi ufundi. Wapo wachonga milango wa Zanzibar na Lamu, wasuka mikeka na mikoba, wapika halua, kashata na visheti. Tunachokosa mara nyingi ni vile vitu viwili ambavyo Morocco inahangaika navyo sasa: alama inayomwambia mnunuzi "hiki ni cha kweli, kimetoka kwa fulani", na kijana aliyekaa pembeni ya mzee anajifunza.

Basi kabla hatujasubiri serikali, anza na kijijini kwako. Yupo nani anayejua kazi ambayo wewe huijui? Na nani anakaa naye kujifunza? Ukipata jibu la swali la kwanza ukakosa la pili, hapo ndipo urithi unapopotea, na hauhitaji mwizi.