Sura ni Yake, Picha si Yako

Uongo wangu wa kwanza kwenye Wikipedia sikuuandika. Niliubonyeza. Ilikuwa saa sita usiku, saa ya bando la bei nafuu, na nilikuwa nimemaliza makala ya mwandishi mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye riwaya yake niliisoma kidato cha tatu. Makala ilikuwa na kila kitu: alikozaliwa, shule alizofundisha, vitabu vyake vitatu. Ilikosa uso. Mahali pa picha, juu upande wa kulia, palikuwa patupu.

Nikaingia Google. Nikapata picha yake nzuri kwenye tovuti ya gazeti: Mwalimu amekaa barazani, miwani mkononi, anacheka na mtu asiyeonekana. Chini kulikuwa na jina la mpiga picha kwa herufi ndogo. Nikalikata, maana liliharibu mwonekano. Kisha nikaipakia Wikimedia Commons, ghala la picha linalotumiwa na Wikipedia za lugha zote. Mtambo ukauliza: kazi hii ni ya nani? Nikabonyeza: kazi yangu mwenyewe.

Kesho yake jioni picha haikuwepo. Kwenye ukurasa wangu wa majadiliano niliachiwa ujumbe mfupi na mhariri nisiyemjua: picha ina hakimiliki ya mtu mwingine, imefutwa, tafadhali usirudie.

Nikakasirika, na hasira nikaipeleka kwenye kundi letu la WhatsApp, watu 41 tuliosoma pamoja. Huko ilipokewa kama mgeni wa heshima. Nitaieleza hoja yetu kwa nguvu zake zote, kwa sababu haikuwa hoja ya kijinga.

Mwigizaji wa Marekani, hata wa daraja la tatu, hupita kwenye matamasha ambako mashabiki wana kamera nzuri na desturi ya kuweka picha Flickr kwa leseni huria. Picha zinazopigwa kazini na watumishi wa serikali kuu ya Marekani, wakiwemo wapiga picha wa White House, hazina hakimiliki nchini humo. Tovuti ya Kremlin nayo huruhusu picha zake zitumike na yeyote, alimradi chanzo kitajwe. Matokeo yake, ukifungua makala za baadhi ya viongozi wa Afrika unakuta sura iliyokatwa kutoka picha ya ziara ya Washington au Moscow, bega la mwenyeji bado liko pembeni. Hao angalau wana ziara. Mwalimu wetu wa Gongo la Mboto hajaalikwa Kremlin. Kwa hiyo sheria inayoonekana sawa kwa wote inaishia kuwapa picha wale ambao tayari wanapigwa picha. Mmoja wetu akaandika kundini: "Wanatufuta." Watu 19 wakampigia makofi.

Niliamini hivyo kwa wiki mbili. Leo naandika kulipinga kundi langu, na kujipinga mwenyewe.

Nilimtafuta yule mpiga picha kwa sababu nilitaka ruhusa, si kwa sababu nilimwonea huruma. Nilimkuta Kariakoo, ghorofa ya tatu, kwenye chumba chenye pazia jeupe na kiti kimoja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Pasipoti?"

Nikamweleza shida yangu. Hakunijibu. Alichukua simu yake akaanza kunionyesha. Picha ile ile ya Mwalimu barazani, kwenye kalenda ya taasisi. Kwenye tangazo la semina ya kulipia. Kwenye fulana. Kwenye picha ya mbele ya video za YouTube, ya kwanza, ya pili, ya tano. Alipoipiga alikuwa mpiga picha wa kujitegemea. Gazeti lilimlipa mara moja, likaitumia, haki ikabaki kwake. Hao wengine hawakumlipa hata nauli.

"Kila mmoja nikimuuliza, ananiambia aliikuta mtandaoni," alisema. "Kama vile mtandao una mkono wa kushika kamera."

Kisha akaniuliza swali ambalo sikuwahi kujiuliza. Nikiiweka huko ninakotaka, kampuni ya simu inaweza kuichukua ikaibandika kwenye bango la barabarani bila kumuuliza?

Jibu ni ndiyo. Commons hupokea leseni huria tu, na leseni huria maana yake ni kwamba yeyote anaweza kuitumia kazi hiyo, kuibadilisha, hata kuiuza, alimradi amtaje mwenye kazi na kufuata masharti ya leseni. Picha yenye sharti la "si kwa biashara" hairuhusiwi huko. Na ukishaitoa kazi kwa leseni hiyo, huwezi kuamka kesho ukasema umebadilisha mawazo.

Mzee alitikisa kichwa taratibu. "Kwa hiyo, kijana, hukuja kuazima picha yangu. Ulikuwa unagawa shamba la watu."

Nilishuka ngazi zile bila ruhusa na bila hoja.

Wenzangu wanaopigana na Wikipedia kwa lugha za watu wameikosa silaha iliyo mdomoni mwao. Kiingereza kinatumia neno moja kwa mambo mawili, na wenyewe kila siku wanahangaika kulifafanua. Sisi tuna maneno mawili: huru na bure. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, inajiita kamusi elezo huru. Haijiiti kamusi elezo ya bure. Kitu huru kimeachiliwa na mwenyewe, kwa hiari, akijua anachokifanya. Kitu cha bure mara nyingi ni kitu kilichokosa mlinzi. Na Kiswahili kimetuonya zaidi, kwa sababu bure ni pia neno la jasho lililopotea: kazi bure. Mimi niliichukua ya bure nikaipachika jina la huru.

Lugha hiyo hiyo, hata hivyo, inaweza kutupotosha mahali pengine. Kundini waliniambia: kamuombe Mwalimu mwenyewe, si picha yake? Tunaposema "picha ya Mwalimu" tunachanganya watu wawili: anayeonekana na aliyeipiga. Sura ni ya Mwalimu. Heshima yake, jina lake, haki ya kutodhalilishwa, vyote ni vyake. Lakini hakimiliki ni ya yule aliyesimama juani, akangoja acheke, akabonyeza. Hata Mwalimu angenibariki mara mia, asingeweza kunipa kitu ambacho si chake.

Sasa turudi kwenye sheria tuliyoiita ya kutufuta. Tarehe 23 Machi 2007 bodi ya Wikimedia Foundation ilipitisha azimio kuhusu leseni. Azimio linaruhusu Wikipedia ya lugha fulani kujiwekea utaratibu wa kutumia, kwa uchache, kazi zisizo huru, kama vile nembo ya kampuni au jalada la albamu. Lakini linakataza jambo moja waziwazi: kutumia kazi isiyo huru pale ambapo tunaweza kutarajia mtu apakie kazi huria ya kutimiza lengo lile lile. Na mfano uliotajwa ni picha za karibu watu wote mashuhuri walio hai.

Sababu yake ni nyepesi kiasi cha kuudhi. Mtu akiwa hai, anaweza kupigwa picha nyingine. Jalada la albamu huwezi kwenda kulipiga upya likawa lako. Mtu unaweza kumfuata, ukamsalimia, ukamuomba. Wapo wasiofikika, kama walio gerezani au waliojificha kwa hofu ya maisha yao, na Wikipedia ya Kiingereza imewahi kuacha upenyo kwa watu wa namna hiyo. Mwalimu hakuwa mmoja wao. Mwalimu yuko mwisho wa daladala, nauli haifiki shilingi elfu moja.

Na hapo ndipo sheria hii inapotuumbua. Kwenye Wikipedia ya Kiingereza, mtu akifa bila picha huria, mhariri anaweza kuweka picha yenye hakimiliki, ndogo, pamoja na maelezo ya kwa nini hakuna njia nyingine. Soma tena sentensi hiyo. Kifo kinafungua mlango ambao uhai uliufunga. Wahenga walisema hujafa hujaumbika. Pale unaweza kuambiwa hujafa hujapata sura. Tunaweza kuwalaumu waliotunga utaratibu huo, lakini je, ni wao waliotufundisha tabia hii? Msanii wetu akiumwa, kimya. Akifa, kila ukurasa una picha yake na mshumaa pembeni, nazo picha hizo zimechukuliwa bila kuulizwa kwa mpiga picha yule yule. Tulikuwa na miaka ishirini ya kupanda daladala. Tulingoja tanzia.

Tarehe 7 Oktoba 2021 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alitangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Picha ambayo kwa muda mrefu ilimtambulisha kwenye makala yake ilipigwa Hebron mwaka 2009, alipokuwa kwenye tamasha la fasihi la Palestina. Waandaaji wa tamasha lililofanyika mahali penye kila sababu ya kusema hakuna uwezo, hakuna amani, hakuna hata uhuru wa kutembea kati ya mji na mji, ndio walioweka picha za tamasha lao Flickr kwa leseni huria. Mwana wa Unguja alionekana na dunia kwa kamera ya tamasha la Palestina. Sisi tulikuwa wapi? Tulikuwa na simu mkononi, tunabandika.

Ninapowasikia wakuu wa taasisi zetu wakilalamika kwamba Afrika haionekani mtandaoni, natamani kuwauliza kuhusu picha zao wenyewe. Chuo huajiri mpiga picha kila mahafali. Mchapishaji hupiga picha kila uzinduzi wa kitabu. Idara ya serikali hulipa kwa kodi zetu picha za kila hafla. Zote huishia Facebook, na huko hazina mstari mmoja tu: picha hii inaweza kutumika kwa leseni ya Creative Commons, mtaje mpiga picha. Mstari huo hauhitaji mfadhili wala warsha. Unahitaji mkataba ulioandikwa vizuri na mpiga picha aliyelipwa vizuri, kwa sababu picha iwe huru au isiwe, aliyeipiga anakula.

Hili la mwisho nilifundishwa na mzee wa Kariakoo. Nilimrudia. Alisema ile picha ya zamani haitoi, lakini kwa shilingi 60,000 atapiga mpya na kuiachilia yeye mwenyewe, kwa jina lake. Nikaomba mchango kundini. Mwezi uliopita kundi hilo lilichanga zaidi ya laki sita kwa harusi ya mwenzetu, bila kusukumwa. Safari hii, kati ya watu 41, walichanga sita. Yule aliyeandika "Wanatufuta" alituma emoji ya mikono iliyounganishwa. Hasira ni ya bure; picha ina bei.

Jumamosi tukaenda Gongo la Mboto.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba wanangu, karibuni ndani."

Nilimweleza yote, pamoja na yale ambayo ningependa kuyaruka. Kwamba picha itaweza kutumiwa na yeyote. Kwamba hata wenye biashara wamo. Kwamba haitarudi. Alisikiliza kama anayesahihisha insha.

"Na mtu akinibandika kichwa cha mbuzi?"

Mzee alinitazama, akaniachia swali. Nikasema ukweli: leseni yenyewe haimzuii mtu kubadilisha picha, kumdhalilisha mtu kuna sheria zake nyingine, lakini siwezi kumwahidi kwamba haitatokea.

Akakaa kimya kidogo. Kisha akauliza kwa nini tusitumie ile ya gazetini. Nikamwambia si yetu, na mwenyewe hajaitoa.

"Afadhali," alisema. "Ile siipendi. Nacheka mpaka jino lililong'oka linaonekana. Wajukuu wananitania mpaka leo."

Niliona aibu ambayo ujumbe wa yule mhariri haukuwahi kunitia. Picha niliyoipigania wiki mbili, niliyoiita haki ya Waafrika kuonekana, aliyeipiga hakutaka niichukue na aliyepigwa hakutaka aonekane hivyo. Sikuwa nimemuuliza hata mmoja wao. Nilikuwa nawatetea wote wawili.

Mwalimu aliingia ndani, akarudi na gauni la kijani na miwani machoni. Alikataa kushika kitabu. Alisema wanaoshika vitabu kwenye picha ni wagombea. Mzee alipiga picha nyingi, akamwonyesha, na Mwalimu akachagua moja ambayo mimi nisingeichagua: hacheki, anatazama moja kwa moja, kama anasubiri jibu lako.

Jioni ile Mzee alifungua akaunti yake kwenye kompyuta yangu. Alisoma kila mstari wa leseni kwa sauti, akaniuliza maneno mawili, akarudia kusoma. Mtambo ulipomuuliza kazi ni ya nani, aliandika jina lake lote, la tatu pia, kisha akabonyeza mwenyewe. Picha iko pale mpaka leo, na jina halijakatwa.

Ninayo orodha ya majina mengine 12: mwimbaji wa taarabu, mchora vibonzo, mwanahisabati, kocha wa timu ya taifa ya zamani. Mahali pa picha zao ni patupu na wote wako hai. Mkubwa wao ana miaka 88. Kundini kuna watu 35 ambao hawajachanga.