Picha ya Menyu si Pambo

Mwandishi aliyetetea mikahawa ibaki na picha kuukuu za menyu, eti mteja anajua chakula hubadilika, amemtwika mteja mzigo usio wake. Atajuaje? Pichani yumo changu mzima wa kupaka, amejaa sahani. Mezani kinakuja kipande cha mkia, tena kwa bei iliyobandikiwa karatasi mpya. Kumbe bei mliikumbuka, wenye mikahawa! Kusi ikivuma samaki wakaadimika, hakuna anayemlaumu mpishi. Basi ifunikeni picha hiyo. Gharama ya kupiga picha mpya? Simu ya mhudumu inatosha, mchana, karibu na dirisha. Na kwa Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara. Sioni picha ya samaki iliposamehewa.