Mafuta ya Kambi na Mafuta ya Visiwa

Machi 1979, ndege ya kivita ya Libya, iliyokuja kumsaidia Idi Amin, ililenga bohari ya mafuta ya Mwanza. Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, yakaua swala. Ni rahisi kucheka. Lakini waliomtuma rubani yule walijua kuwa jeshi lisilo na mafuta halisogei. Mwaka huo huo, mapinduzi ya Irani yakapandisha bei ya mafuta duniani, na Taifa likalipia vita na mafuta kwa mfuko mmoja.

Malori yapitayo Mkolani leo hubeba pia petroli ya mitumbwi ya visiwani. Hivyo wakuu wa ulinzi hawana budi kutumia nguvu ya jua kwa taa na pampu za maji za kambini, ili siku ya dhiki askari na mvuvi wasigombee pipa moja.